Dondoo Muhimu: Wanafunzi wa Chuo Kikuu na Changizo kwa Waathirika wa Tetemeko

Kusini mwa mkoa wa Maniema, mashariki mwa Kongo (DRC), kunapakana na ukanda wa matetemeko wa Ziwa Tanganyika na Kivu. Tetemeko la Desemba 5, 2005, lenye ukubwa wa 6.8, liliangusha nyumba Kalemie. La Februari 3, 2008 liliikumba Bukavu na kusini-magharibi mwa Rwanda. Wanafunzi wa Kasongo na Kabambare, kusini mwa Maniema, wanaoandaa changizo kwa waathirika wa matetemeko kama hayo huzingatia haya:

1. Kibali. Barua humfikia mkuu wa chuo na msimamizi wa teritwari kabla ya tangazo lolote.

2. Mahitaji. Msalaba Mwekundu au Caritas huulizwa kwanza kinachopungua: maturubai, sufuria au dawa ya kusafishia maji.

3. Tamasha. Mechi ya mpira, igizo au ngoma havina gharama kubwa. Siku ya soko hufaa zaidi: mfanyabiashara hutoa faranga, mkulima hutoa mchele, karanga au mawese.

4. Hesabu. Watu wawili huhesabu mbele ya mashahidi. Daftari huonyesha jina, kiasi na sahihi. Mchele wote hupimwa kwa bakuli moja.

5. Usafirishaji. Mvua huharibu barabara, hivyo ni nafuu kuuza mazao papo hapo na kutuma fedha kwa simu. Makato ya kutuma nayo huandikwa.

6. Taarifa. Jumla na stakabadhi ya mpokeaji hubandikwa chuoni, kisha hutangazwa redioni, misikitini na makanisani.

Changizo lisilotolewa hesabu huua changizo lijalo.