Kabla Shule Haijafungwa



 

MAMA: Mwalimu, nimekuja na barua hii ya shule. Mwanangu wa darasa la 7 ndiye aliyeileta. Kurasa tatu, zote Kiingereza. Nimemwuliza inasema nini, akanijibu, "Inasema tunafunga Ijumaa."

MWALIMU: Keti tuisome. Hapa Louisville shule ya kati ni darasa la 6 hadi la 8, na umri huo mtoto huanza kuchagua la kumwambia mzazi. Simlaumu. Ila habari za shule zisikufikie kwa kinywa chake peke yake.

MAMA: Nitafanyaje na lugha siijui? Kule kambini Nyarugusu nilikuwa nasema na walimu mwenyewe.

MWALIMU: Na hapa utasema nao mwenyewe. Piga simu ofisini, taja jina la mtoto, kisha waambie "Swahili". Wakutafutie mkalimani, tena bure. Hiyo ni haki yako. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inaikataza shule inayopokea fedha za serikali kuu kumbagua mtu kwa asili yake. Mwaka 1974, katika kesi ya wanafunzi wa Kichina wa San Francisco, Mahakama ya Juu ikaamua kwamba shule haiwezi kumweka mtoto darasani asimoelewa lugha, ikamwacha bila msaada. Mzazi naye anapaswa kupewa habari muhimu kwa lugha anayoielewa. Na mkalimani asiwe mwanao.

MAMA: Haya, barua inasemaje?

MWALIMU: Kwanza, Alhamisi jioni wanafunzi wanapiga muziki. Nenda. Siku hiyo utaonana na walimu bila kuitwa kwa kosa lolote. Pili, shule inafunguliwa Jumatatu ya kwanza baada ya Mwaka Mpya.

MAMA: Tulitaka kwenda harusini Iowa, tukae wiki tatu.

MWALIMU: Nendeni, lakini mrudi kabla ya siku hiyo. Kwa sheria ya Kentucky, mtoto akikosa siku 3 bila sababu inayokubalika anahesabiwa mtoro. Harusi ikiwalazimu kuchelewa, iulize shule mapema kama itakubali sababu hiyo.

MAMA: Na hapa chini walipochora koti?

MWALIMU: Wanauliza nani anahitaji koti, viatu au chakula cha likizo. Mwanao hula shuleni asubuhi na mchana. Kwa wiki mbili milo hiyo yote itakuwa juu yako. Shule nyingi huku zina Kituo cha Huduma za Familia na Vijana. Vituo hivi vilianzishwa kwa sheria ya elimu ya Kentucky ya 1990, na kazi yake ni kuondoa yale ya nje ya darasa yanayomzuia mtoto kusoma.

MAMA: Naona haya kuomba, Mwalimu.

MWALIMU: Mficha uchi hazai. Kituo kimewekwa kwa ajili ya familia za shule, na yako ni mojawapo. Kwetu mzazi humheshimu mwalimu kwa kumwachia kazi yake. Hapa ukinyamaza wanadhani huna haja, wanampa aliyesema.

MAMA: Basi nikwambie na hili. Kodi ilitushinda, tumehamia kwa dada yangu. Sijawaambia shule, naogopa watamhamisha mtoto.

MWALIMU: Hilo ndilo la kuwaambia mapema kuliko yote. Iko sheria iitwayo McKinney-Vento, ya 1987. Familia iliyopoteza nyumba ikajibanza kwa ndugu, mtoto wake anaweza kubaki shule ileile pale inapomfaa, na usafiri akasaidiwa. Ukificha, ndipo utamkosesha haki hiyo. Ukurasa huu wa mwisho unauliza habari za familia: anwani, simu, nani aruhusiwe kumchukua mtoto. Simu yenu ni ileile?

MAMA: Ya baba yao imebadilika.

MWALIMU: Andika mpya. Januari theluji ikianguka shule ikafungwa, ujumbe hutumwa kwenye namba waliyo nayo. Ikiwa ya zamani, mtoto atasimama kwenye baridi akingoja basi ambalo haliji. Na akiugua darasani watamwita nani?

MAMA: Nimeelewa. Nianze na lipi?

MWALIMU: Leo Jumatano, bado siku mbili. Kesho asubuhi twende ofisini na karatasi hii. Omba mkalimani, taja makazi mapya, toa namba mpya, kisha uliza koti na chakula. Maneno utasema wewe. Mimi nitakaa pembeni. Wanapaswa kukuzoea wewe, maana mwanao atakuwa nao hadi darasa la 8.

MAMA: Na mtoto nimwambie nini?

MWALIMU: Jioni hii mkae, umweleze yote yaliyomo, kuanzia tamasha hadi tarehe ya kufungua. Ajue kwamba barua ya shule mama yake anaisoma.