Kwa Nini Kifuniko cha Ndege Hupasuka Kuanzia Ukingoni

Ndege ndogo zinazofanya doria kwenye hifadhi kama Mkomazi, inayopakana na mji wa Same, kwa kawaida hazina kioo halisi mbele ya rubani. Zina akriliki, plastiki angavu ya jamii ileile inayotengenezewa taa za nyuma za magari na mabango ya maduka. Kampuni ya mkemia Mjerumani Otto Röhm iliisajili kwa jina la Plexiglas mwaka 1933. Uzito wake haufiki nusu ya uzito wa kioo, na hupitisha takriban asilimia 92 ya mwanga. Kwa chombo kinachobebwa na hewa, sifa hizo mbili hazina mpinzani.

Hata hivyo, watu wanaojijengea ndege nyumbani, kazi iliyoenea Marekani na Ulaya, huiogopa akriliki kuliko kifaa kingine chochote. Kifuniko cha chumba cha rubani huja kikiwa kimeumbwa tayari, na fundi hukikata kingo, hukitoboa na kukifunga kwenye fremu. Siku ya kazi kinaonekana kizima. Wiki kadhaa baadaye, ndege ikiwa imeegeshwa tu, ufa unatokea kwenye tundu la skrubu na kukatiza kifuniko kizima. Hakuna aliyekigusa. Je, nguvu iliyokipasua imetoka wapi? Tulijibu swali hili hatua kwa hatua, tukiichukulia ndege yetu kuwa imejengwa Same.

Joto linavyosukuma na kuvuta

Karibu kila kitu kigumu hutanuka kikipata joto na husinyaa kikipoa, lakini si kwa kiwango kimoja. Akriliki ikiongezeka joto kwa nyuzi 1 ya Selsiasi, kila mita yake hurefuka kwa takriban mikromita 70. Alumini, ambayo ndiyo fremu ya ndege yetu, hurefuka mikromita 23 tu. Mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita, na kwa udogo huo tofauti hii inaweza kuonekana haina maana.

Sasa tuipeleke ndege Same. Mji uko tambarare, chini ya safu ya Upare, na jua lake ni kali. Kifuniko kilichoachwa juani adhuhuri kinaweza kufika nyuzi 55. Ndege ikipaa mita 2,500 juu ya mji, hewa inapoa kwa wastani wa nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000, yaani nyuzi 16 hivi. Ndiyo sababu watu wanaoishi karibu na msitu wa Chome, chini ya kilele cha Shengena chenye mita 2,462, huvaa sweta wakati wa Same wanatafuta kivuli. Huko angani, upepo unaopita juu ya kifuniko utakishusha hadi nyuzi 15 hivi. Kimepoa kwa nyuzi 40.

Kifuniko chenye urefu wa milimita 1,200 kikipoa kiasi hicho husinyaa milimita 3.4. Fremu ya alumini husinyaa milimita 1.1. Tofauti ni zaidi ya milimita 2. Kama fundi alikaza skrubu adhuhuri kwenye matundu yanayozibana kabisa, akriliki inataka kusinyaa na fremu inaizuia. Hiyo ndiyo nguvu tuliyokuwa tunaitafuta. Haihitaji mtu wa kukigusa kifuniko. Inahitaji jua kuzama tu.

Mkazo mdogo, pasuko kubwa

Je, nguvu hiyo inatosha kuivunja akriliki? Mkazo hupimwa kwa megapaskali, na megapaskali 1 ni sawa na uzito wa kilo 10 hivi ukining'inia kwenye kila sentimita ya mraba. Akriliki iliyovutwa kwa sehemu 1 kati ya 1,000 ya urefu wake hupata mkazo wa takriban megapaskali 3. Kifuniko chetu kimezuiwa kusinyaa kwa karibu sehemu 1.9 kati ya 1,000, kwa hiyo mkazo wake ni megapaskali 5.6. Akriliki nzima huvumilia takriban megapaskali 70 kabla ya kukatika. Tuko chini ya sehemu moja ya kumi. Kwa hesabu hiyo, kifuniko hakipaswi kupasuka.

Lakini kinapasuka. Jibu lilitolewa mwaka 1913 na mhandisi Mwingereza Charles Inglis, aliyekuwa akichunguza mabamba ya chuma ya meli. Alionyesha kwamba mkazo hauenei sawasawa pale bamba lilipo na tundu au mkato. Wapare wanaochepusha maji ya ndiva, mabwawa yao madogo ya jadi, kuyapeleka mashambani wanalijua jambo hili kwa macho: jiwe likikaa katikati ya mfereji, maji hubanana na kwenda kasi pembeni mwake. Mkazo nao, ukikuta mahali pasipo na kitu cha kuubeba, huzunguka na kubanana kwenye ncha.

Kanuni ya Inglis ni fupi. Gawanya kina cha mkato kwa nusu kipenyo cha ncha yake, tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa 2, kisha ongeza 1. Jibu ni idadi ya mara ambazo mkazo umeongezeka kwenye ncha hiyo.

Chukua mkato wa milimita 0.5 ulioachwa na jino la msumeno, wenye ncha kali ya nusu kipenyo cha milimita 0.005. Ukigawanya unapata 100, kipeuo chake ni 10, na jibu la mwisho ni 21. Megapaskali 5.6 mara 21 ni karibu 118, mbali sana juu ya 70. Ufa unaanza. Sasa piga msasa mpaka ncha ile iwe na mviringo wa nusu kipenyo cha milimita 0.5. Jibu linakuwa 3, na mkazo unashuka hadi megapaskali 17. Kifuniko ni kilekile na baridi ni ileile. Kilichobadilika ni umbo la kitu kidogo kuliko chembe ya mchele.

Alumini ikipata mkato kama huo, ncha yake hulegea kidogo na kujikunja, mkazo ukapungua wenyewe. Akriliki haina msamaha huo, kwani hurefuka asilimia chache tu kabla ya kukatika.

Mkono wa fundi

Baada ya hesabu hizi, kila kanuni ya fundi inajieleza.

Kata akriliki ikiwa na joto la nyuzi 25 au zaidi, kwa sababu ikiwa baridi huwa na tabia ya kioo. Kwa hali ya hewa ya Same, kivuli cha mchana kinatosha. Tumia diski ya kusaga badala ya msumeno wenye meno makubwa, maana kila jino huacha mkato wake.

Usitoboe kwa biti ya kutobolea chuma kama ilivyotoka dukani. Ncha yake huuma na kuivuta akriliki juu, kisha kipande hubanduka upande wa chini biti inapotokeza. Biti inayofaa ina ncha iliyochongoka zaidi, na makali yake yamenolewa yakawa bapa ili yakwangue. Weka ubao chini, zungusha polepole, na pumzika kila mara. Akriliki hupitisha joto vibaya sana, kwa hiyo moto wa msuguano hubaki palepale. Ukiona mabaki yanatoka laini kama utepe, kazi ni nzuri. Yakianza kuyeyuka na kuganda kwenye biti, simama.

Kisha msasa: anza na namba 120, nenda 240, malizia na 400, ukingoni na ndani ya kila tundu. Pitisha ukucha taratibu. Ukikwama popote, hapo ndipo ufa utakapozaliwa.

Skrubu ya milimita 4 ipewe tundu la milimita 6. Kifuniko kikifungwa kivulini, kikiwa na nyuzi 35, kila mwisho wake utasogea zaidi kidogo ya nusu milimita ukilinganisha na fremu, kwenye joto au kwenye baridi. Nafasi ya milimita 1 kuzunguka skrubu inatosheleza hilo pamoja na kosa dogo la kipimo. Skrubu isikazwe kwa nguvu, la sivyo nafasi hiyo inakuwa bure.

Mwisho, usisafishe akriliki kwa petroli, tina wala spiriti. Vimiminika hivyo hupenya kati ya molekuli zilizo kwenye mkazo na kuzitenganisha, na nyufa nyembamba zinazometameta hujaa kote. Maji na sabuni laini vinatosha.

Mwalimu wa fizikia hahitaji ndege kufundisha somo hili. Aombe mabaki ya akriliki kwa watengeneza mabango, akate vipande viwili vilivyo sawa, akikwaruze kimoja kwa msumari na kukipiga msasa kingine, kisha awavalishe wanafunzi miwani ya kinga wavikunje taratibu. Wataona kipi kinavunjika kwanza, na hesabu itawaeleza kwa nini.