Samaki wa mawe sebuleni Uvira: kazi kubwa ni maji

Vijana wanaoona kwenye simu picha za samaki aitwaye taa akielea ndani ya kioo huniuliza kama anaweza kufugwa hapa Uvira. Nawajibu: hapana. Taa wengi wanataka maji ya bahari, na kati yetu na bahari iko Tanzania nzima. Hata yule mdogo mwenye madoa ya buluu, Taeniura lymma, hufikia upana wa sentimita 30 na zaidi, kwa hiyo sebule ya kawaida haimtoshi. Tena mbona kuhangaika? Kuna watu Ujerumani na Marekani wanaonunua chumvi za pakiti ili kuiga maji ya Ziwa Tanganyika, nasi tunayachota kwa bidoo.

Maji ya ziwa hili si ya bahari, lakini si laini kama ya mvua. Yana madini mengi, sehemu kubwa yakiletwa na mto Ruzizi kutoka Ziwa Kivu, na pH yake huwa kati ya 8.6 na 9. Samaki wa hapa wamezoea hivyo. Mimi huchota upande wa kusini, ukishapita Kalundu, kwenye mawe na maji maangavu. Kavimvira siendi, kwa sababu karibu na mdomo wa Ruzizi ni mchanga na tope. Wala sichoti karibu na mito ya Mulongwe au Kalimabenge mvua ikishanyesha. Bidoo za samaki zisiingie jikoni, na ukimaliza nawa mikono kwa sabuni; kipindupindu tunakijua sote.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo samaki wengi hufia. Kinyesi na mabaki ya chakula huzaa amonia. Kwenye maji ya pH 7, chini ya asilimia 1 ya amonia hiyo ndiyo sumu kali. Kwenye pH 9, maji yakiwa na joto la nyuzi 25, ni karibu theluthi. Yaani uchafu uleule ambao samaki wa mtoni angeuvumilia, huku unaua. Dawa yake ni bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati isiyo na ukali huo. Bakteria hao hukaa kwenye mawe, mchanga na sponji ya chujio, na huhitaji kama wiki nne hadi sita kuongezeka. Kwa hiyo jaza tangi, weka mawe yaliyotoka ziwani yakiwa bado mabichi, washa pampu ya hewa, anza na samaki wawili tu, ngoja. Sponji ioshe ndani ya maji ya tangi lenyewe, kwani klorini ya maji ya bomba huwaua bakteria. Kila wiki badilisha sehemu moja ya tano ya maji.

Umeme ukikatika, pampu husimama na hewa hupungua haraka kwa sababu maji ni ya vuguvugu. Paneli ndogo ya jua na betri vinatosha kuendesha pampu ya hewa usiku kucha. Ukiwa huna, weka samaki wachache kuliko unavyotamani, na usiwalishe mpaka umeme urudi.

Kwa anayeanza, napendekeza jozi ya Julidochromis marlieri, wenye mistari myeusi kama wavu, katika lita 100 hivi. Jina hilo ni la Georges Marlier, aliyekuwa mtafiti wa kituo cha utafiti wa sayansi cha IRSAC hapa Uvira. Mtaalamu wa samaki Max Poll ndiye aliyemweleza samaki huyo kisayansi mwaka 1956. Au chukua Neolamprologus brichardi, ambao wakubwa kwa wadogo hulea vifaranga pamoja. Raha tupu kuwatazama, ila wakishazaa humfukuza kila mgeni. Wape mabuu ya mbu na ndagala mkavu aliyesagwa, kiasi cha kumalizwa kwa dakika moja au mbili.

Tropheus ni wazuri kuliko wote, na ndio wanaonisumbua zaidi. Hula mwani wa kwenye mawe. Ukiwapa nyama, tumbo huvimba na hufa. Wanataka tangi la lita 300 au zaidi na kundi kubwa, kwani wakiwa wachache hodari mmoja huwaua wenzake. Mimi huweka mawe kwenye beseni la maji juani mpaka yaote kijani, kisha nayabadilisha kwa zamu.

Vua kwenye kina kifupi, kwani anayetolewa chini sana hupasuka kibofu cha hewa. Chandarua cha mbu usikitumie. Na ukichoka kufuga, usiwamwage samaki ufukweni popote tu: kila ufuko wa mawe una Tropheus wa rangi zake, waliotengwa na mchanga na midomo ya mito. Mpe jirani mwenye tangi.