Njoo na Mfuko Wote: Dawa za Mzee Anapolazwa

Mzee anaposhushwa kutoka Kibosho, Uru au Old Moshi kwenda hospitali ya Mawenzi au KCMC, ndugu hubeba shuka, chupa ya chai na kadi ya bima. Mfuko wa dawa unabaki nyumbani, umening'inia nyuma ya mlango. Ndani yake mna vidonge vya presha alivyopewa kliniki, dawa ya magoti iliyonunuliwa stendi, na vile alivyoletewa na mwanawe aliyepanda mlimani Desemba kutoka Dar es Salaam. Daktari asipouona mfuko huo, ataandika dawa juu ya dawa.

Mfuko uje wote, pamoja na dawa za mitishamba na zile alizoacha kunywa.

Figo za mtu wa miaka 75 hazichuji kama za kijana, hata kama hajawahi kuugua figo. Dawa iliyopaswa kutoka na mkojo hubaki mwilini na kurundikana. Nyingine hujificha kwenye mafuta ya mwili: diazepamu aliyopewa juzi ili apate usingizi inaweza kuwa bado inamyumbisha leo. Ndiyo maana kwa mzee dozi nyingi huanza kidogo na kupandishwa polepole.

Dawa inayozaa dawa

Hili ndilo linalotusumbua zaidi. Bibi anaanzishiwa amlodipini kwa ajili ya presha. Baada ya wiki kadhaa miguu inavimba, jambo ambalo dawa hiyo inaweza kulisababisha. Akienda kituo kingine bila cheti cha kwanza, uvimbe unaonekana kuwa ugonjwa mpya, naye anaandikiwa furosemidi, kidonge cha kukojoa. Sasa anaamka usiku mara tatu kwenda choo cha nje, kupitia migombani, udongo ukiwa umelowa kwa masika. Anateleza, nyonga inavunjika. Wodini anapewa diklofenaki kwa maumivu. Diklofenaki ikikutana na kidonge cha kukojoa na dawa za presha kama kaptopril au losartani, figo zinaweza kushindwa kazi. Kila aliyeandika alikuwa na sababu yake, lakini hakuna aliyeona safari nzima.

Kwa hiyo dalili mpya ikitokea baada ya dawa mpya, ulizeni kwanza: je, ni dawa? Kumuuliza daktari wakati wa raundi si kumkosea adabu. Nanyi waandikaji wa dawa, tunawasihi msiongeze ya sita kabla ya kuzipitia zile tano.

Sukari inaposhuka

Katika orodha yake ya dawa muhimu, Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa glibenklamidi, dawa ya kisukari, haiwafai waliozidi miaka 60, kwa kuwa inaweza kushusha sukari kupita kiasi. Mzee anayeitumia akikosa hamu ya kula, au akinywa mbege bila chakula, anaweza kutokwa jasho, kutetemeka, kuongea ovyo au kuwa mkali ghafla. Nyumbani watu husema ni uzee. Kama anameza vizuri, mpeni chai yenye sukari nyingi au soda yenye sukari mara moja, kisha mpelekeni kituo cha afya. Akiwa hajitambui, msimtilie kitu mdomoni, mkimbizeni hospitali.

Hata hivyo, msimwachishe mzee dawa ya presha au ya sukari kwa uamuzi wenu tu. Kukatiza ghafla nako kunaweza kuleta kiharusi.

Siku ya kuruhusiwa

Msiondoke kabla mfamasia au muuguzi hajawaeleza ipi inaendelea, ipi imesimamishwa, ipi ni mpya na ya kazi gani. Bahasha iliyoandikwa 1x3 si kila mzee anaielewa. Kuna anayemeza vitatu kwa mara moja. Mwombeni mfamasia aandike kwa herufi kubwa: kimoja asubuhi, kimoja mchana, kimoja usiku. Chagueni mtu mmoja katika ukoo wa kushika karatasi hiyo, awe anaishi na mzee, si yule wa Dar es Salaam anayeelekeza kwa simu.

Dawa ikimdhuru, mwambieni mtumishi wa afya ajaze fomu ya njano ya TMDA, mamlaka inayofuatilia madhara ya dawa nchini.

Na zile dawa zilizosimamishwa zirudisheni famasi siku hiyo hiyo. Zikirudi nyumbani ndani ya mfuko ule ule, nyuma ya mlango ule ule, hazikawii kunywewa tena.