Herufi i na p kwenye Runinga: Mlaji Azielewe kabla ya Kulipa

Mlaji anayeingia dukani kununua runinga hukutana na maandishi kama 720p, 1080i na 1080p yaliyochapwa kwenye boksi. Aghalabu huambiwa kwamba namba kubwa ndiyo picha nzuri, naye huongeza fedha kwa imani hiyo. Katika somo hili tunaeleza maana ya namba na herufi hizo, ili kila anayelipa ajue analipia nini.

Namba ni idadi, herufi ni namna

Picha ya runinga hujengwa kwa mistari myembamba iliyolala, mmoja chini ya mwingine. Namba hutaja idadi ya mistari hiyo. Picha ya 720 ina nukta 1280 katika kila mstari, yaani nukta 921,600 kwa jumla. Picha ya 1080 ina nukta 1920 katika kila mstari, yaani nukta 2,073,600.

Herufi hueleza namna mistari inavyoletwa. Penye p, mistari yote huletwa mfululizo, wa kwanza hadi wa mwisho, ikiwa picha moja kamili. Penye i, mistari hupokezana: kwanza huja ile ya witiri, yaani wa 1, wa 3, wa 5 na kuendelea, kisha ile ya shufwa. Kwa hiyo 1080i huleta mistari 540 kwa kila zamu, na katika mfumo unaotumika kwetu zamu hizo ni 50 kwa sekunde.

Mtindo wa kupokezana ni wa zamani. BBC ilipoanza matangazo yake ya kawaida ya televisheni jijini London mwaka 1936, ilitumia mistari 405 iliyopokezana. Njia hiyo ilipunguza mzigo wa matangazo hewani bila kuifanya picha ipepese, nazo runinga za chogo zilichora mistari kwa mtindo huohuo.

Tofauti huonekana wapi?

Runinga bapa za leo hazichori kwa kupokezana. Huonyesha mistari yote kwa pamoja. Zikipokea 1080i, hulazimika kuziunganisha nusu mbili ziwe picha moja. Hapo ndipo ubora hupatikana au hupotea.

Chukua mfano wa mchezaji wa mpira anayekimbia mita 8 kwa sekunde. Kati ya nusu ya kwanza na ya pili, yaani sehemu moja ya 50 ya sekunde, amekwisha kusogea sentimita 16. Runinga isiyounganisha vizuri humwonyesha akiwa na kingo zenye meno kama ya kitana, au humfifisha. Picha ya 720p haina kasoro hiyo, kwa kuwa kila picha ni kamili. Ndiyo sababu kituo cha michezo cha ESPN cha Marekani kilichagua 720p kwa matangazo yake ya HD.

Katika filamu mambo hubadilika. Filamu hupigwa kwa picha 24 au 25 tu kwa sekunde, hivyo nusu zote mbili za 1080i huweza kutoka katika picha moja. Runinga nzuri huziunganisha zikawa picha kamili ya mistari 1080. Kwa taarifa ya habari, ambapo msomaji ameketi, tofauti ni ndogo mno.

Kupokea si kuonyesha

Hapa ndipo walaji wengi hupoteza fedha. Runinga yenye alama ya HD Ready inatakiwa iweze kupokea 1080i, lakini skrini yake huweza kuwa na mistari 720 au 768 tu. Ishara ya 1080 huingia, kisha hupunguzwa ili itoshe. Muuzaji anayesema "hii inapokea 1080" huenda hasemi uongo, ila hajajibu swali lako. Uliza: "Skrini yenyewe ina nukta ngapi?" Jibu la 1366 kwa 768 si sawa na 1920 kwa 1080, wala bei yake isiwe sawa.

Hata hivyo, si kila mtu anahitaji kulipia 1080. Kwa skrini ya inchi 32 inayotazamwa kutoka umbali wa mita 3, macho ya kawaida hayatofautishi mistari 720 na 1080.

Tunashauri yafuatayo

1. Pima nyumbani umbali kati ya kiti na mahali pa runinga. Dukani, simama umbali huohuo.
2. Usiridhike na video ya maonyesho ya dukani, kwani huchaguliwa ili ipendeze. Omba kuona mpira kupitia kisimbuzi.
3. Tazama wavu wa goli, mistari ya uwanja na maandishi yanayotembea chini ya skrini. Yakiwa na meno au yakitetemeka, runinga hiyo haiunganishi vizuri.
4. Hakikisha idadi ya nukta za skrini imeandikwa kwenye boksi au kitabu cha maelekezo, na iandikwe pia kwenye risiti.
5. Kabla ya kununua runinga mpya, kagua nyaya ulizonazo. Waya wenye vichwa vya njano, nyekundu na nyeupe haupitishi picha ya HD kamwe. Tumia waya wa HDMI iwapo vifaa vyote viwili vina tundu lake.
6. Fungua mipangilio ya kisimbuzi, ujaribu 720p, 1080i na 1080p ukitazama mpira uleule. Bakiza ile inayokuridhisha, haigharimu chochote.

Nchini Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha katika biashara. Iwapo umeuziwa runinga kwa maelezo yasiyolingana na skrini uliyopewa, rudi kwanza kwa muuzaji ukiwa na risiti na boksi. Asipokusikiliza, peleka lalamiko kwa Tume ya Ushindani. Risiti iliyotaja idadi ya nukta ndiyo itakayokusemea.