Jino Bovu Lililobaki Kujenga Mfupa



Swali hili hurudi kila tukisoma mlango wa kubadilisha maumbile: aliyeharibikiwa jino akipandikiza la bandia, amebadilisha umbile la Allah (s.w.t.)? Ndugu aliyetoka Dzaleka aliliuliza akiwa na jino linalosubiri kung'olewa.

Tuielewe kwanza kazi yenyewe. Jino la kupandikiza husimama juu ya skrubu ya titani iliyozamishwa ndani ya taya, na skrubu inahitaji mfupa wa kuishika. Jino liking'olewa, mfupa wake husinyaa. Ugonjwa wa ufizi huweza kuula hata kabla. Mara nyingi madaktari hujazia mfupa: wa mgonjwa mwenyewe, wa mtu mwingine, wa ng'ombe, na upo wa nguruwe. (Uliza umetoka wapi, usione haya.)

Iko njia nyingine, ambayo Henry Salama na Maurice Salama waliieleza mwaka 1993. Jino lisilotibika haling'olewi upesi. Hufungwa waya na kuvutwa nje polepole, kama milimita moja kwa mwezi, huku likipunguzwa kichwa lisigonge la upande wa pili. Nyuzi zinazolishikanisha na taya zikivutika, mfupa mpya huota nyuma yake na ufizi hufuata. Likishatulia ndipo hung'olewa, na skrubu ikaingia. Sharti ugonjwa uwe umedhibitiwa, na mzizi uwe bado umeshikwa na mfupa.

Sasa hukumu. Ibn Mas'ud (r.a.) amepokea laana juu ya wanaochonga mianya ya meno, na sababu imetajwa humo humo: kutafuta urembo. Lakini 'Arfaja bin As'ad (r.a.) alikatwa pua siku ya Kulab, akaweka ya fedha, ikanuka, Mtume (s.a.w.) akamwamuru aweke ya dhahabu. Dhahabu, iliyo haramu kwa wanaume! Wameipokea Abu Dawud na Tirmidhi, na kutoka hapo wanazuoni wakaruhusu kufunga meno kwa dhahabu.

Kwa maoni yangu waya huu uko upande wa 'Arfaja, na njia ya kuvuta inampunguzia mtu shaka ya mfupa wa mnyama. Ni ya miezi mingi na si rahisi kwa mfuko wa mwanafunzi. Hata hivyo, kumuuliza daktari kabla ya kung'olewa kama mzizi unafaa kubakizwa hakugharimu kitu.

Kuhusu josho, kusukutua kwetu Mashafii ni sunna, kwa Mahanafi ni faradhi. Kwa wote, jino lililokazwa kwenye taya halitolewi.

Wallahu a'lam.