Mbolea, Moto na Udongo Wetu



Mwezi uliopita mwalimu wa biolojia alituuliza: mkulima mdogo akitia mbolea ya duka katika shamba lake, anaharibu hewa ya dunia ao anaisaidia? Kalasi ilikatika mara mbili. Kisha mwalimu akanipa mimi, mkubwa wa wanafunzi, kazi ya kuandika jibu katika gazeti letu. Ninaandika, lakini kwanza niungame jambo moja.

Mwaka jana shule ilipata nusu gunia ya urea kwa shamba la mahindi. Mimi ndiye niliyeigawanya. Nilisema kila mmoja atie mkono mzima kwa kila shina, juu juu, tumalize mbele ya chakula. Usiku ule mvua kubwa ikanyesha. Kisha juma moja, mahindi ya huku juu yalikauka majani sawa na kitu kilichopita motoni, na ya kule kwenye mteremko yakabaki manjano kama mbele. Mwalimu alipouliza, nilisema ni wadudu. Hapakuwa na wadudu.

Sasa tutazame ile urea ilikwenda wapi. Gunia moja la kilo 50 lina azoti asilimia 46, ndiyo kusema kilo 23. Azoti ndiyo inayofanya majani kuwa mabichi na yenye nguvu. Lakini mche mdogo hauwezi kula yote kwa siku moja, sawa na mtoto mchanga asivyoweza kumaliza sufuria ya bugali. Ile inayobaki, sehemu moja inapanda hewani kama amonia, ndiyo ile harufu kali inayochoma pua. Sehemu ingine mvua inaichukua chini mpaka mtoni. Na kidogo inashikwa na vijidudu vya udongo. Udongo ukijaa maji na hewa ikipungua ndani yake, vijidudu hivi vinageuza azoti kuwa gazi moja inayoitwa protoksidi ya azoti, N2O.

Gazi hii haina rangi, hakuna mtu anayeiona ikitoka shambani. Lakini inashika joto la jua sawa na blanketi, na kilo yake moja ina nguvu ya kilo 273 hivi za gazi ya kaboni (CO2), tukihesabu kwa miaka 100. Wataalamu wa dunia wanakadiri kwamba kwa kilo 100 za azoti tunazotia, kilo moja hivi inatoka kwa njia hii. Tufanye hesabu, wale wa kalasi ya tatu mnaweza kuifuata. Asilimia moja ya kilo 23 ni 0,23. Kuigeuza kuwa N2O tunazidisha kwa 44 na kugawanya kwa 28: tunapata 0,36. Mara 273, ni karibu kilo 99 za CO2. Urea yenyewe ikiyeyuka udongoni inatoa kilo 37 zingine. Na bado hatujahesabu kiwanda. Tangu Haber na Bosch wa Ujerumani walipopata njia ya kushika azoti ya hewa (kiwanda cha kwanza kilianza mwaka 1913), kazi hiyo inakula moto mwingi na gazi nyingi ya ardhini.

Basi wale waliosema mbolea inaharibu walishinda? Pole pole.

Huku kwetu Kasongo na Kabambare, ni nani anayenunua urea? Mwaka 2006 wakubwa wa inchi za Afrika walikutana Abuja, wakaahidi kufikisha kilo 50 za chakula cha mimea kwa kila hekta mpaka mwaka 2015. Kongo yetu iko mbali sana chini ya hesabu ile. Barabara ni mbaya, gunia linapanda bei kila kilometa. Wazazi wetu wanatumia mbolea ingine, na mbolea ile ni pori. Mwezi wa saba wanakata, wa nane wanachoma, mvua ya kwanza wanapanda mpunga, ule ulioletwa huku na Waungwana zamani za Tippu Tip. Majivu yanalisha mpunga mwaka mmoja, miwili. Kisha karanga, kisha mihogo, kisha udongo unachoka na baba anasogea mbele na mupanga wake. Ninamwona baba yangu namna hiyo, na simlaumu. Sisi ni watoto wengi.

Lakini hekta moja ya pori kubwa lisilokatwa bado inaweka kaboni zaidi ya tani 100 katika miti yake. Ikichomwa, na mabaki yakaoza kwa miaka inayofuata, ni zaidi ya tani 360 za CO2. Hata tukiongeza moshi wa kiwanda na wa lori, hekta ile moja inapita magunia elfu moja ya urea. Mwenzangu mmoja alibisha kwamba miti inarudi. Ndiyo, inarudi na kuchukua kaboni tena, ikiachwa miaka ya kutosha. Zamani waliacha miaka kumi na kupita. Leo karibu na mji wanarudi kisha mitatu, minne. Sheria ya mwaka wa saba katika Kutoka 23 iliandikwa kwa watu walioweza kungoja.

Kwa hiyo jibu langu: hapa kwetu, mbolea kidogo iliyotiwa vizuri katika shamba la zamani inaweza kupunguza gazi, lakini mpaka shamba lile lituzuie kukata pori jipya. Ikitiwa kama nilivyotia mimi, tunapoteza franka, na moto wa mwezi wa nane unawaka vilevile.

Namna ya kutia ni hii. Usitie siku unayoona wingu zito. Chimba kitundu upana wa mkono mbali na shina, tia kifuniko kimoja cha chupa ya soda, usijaze, halafu funika na udongo. Ukifunika, amonia haipandi. Tia sehemu ya kwanza mahindi yakiwa na majuma mawili ao matatu, na ile ingine yakifika kwenye magoti. Urea peke yake haitoshi. Udongo wetu mwekundu unaoshwa na mvua, hauna cha kushikilia mbolea isipokuwa uoze wa majani. Yule mtunza shamba katika Luka 13 hakuomba mbolea tu kwa mti usiozaa, aliomba pia kuchimba pembeni yake, na mwaka mmoja wa kungoja.

Na kuna azoti ya bure. Ng'oa shina la karanga ao la kunde linalochanua, ondoa udongo pole pole, utaona vidonge vidogo kwenye mizizi. Kata kimoja na wembe. Kikiwa chekundu ndani, vijidudu vyake viko kazini, vinashika azoti ya hewa bila kiwanda. Mama zetu wanapong'oa karanga wanatupa majani barabarani ao wanayachoma. Yarudishwe shambani, pamoja na mavi ya mbuzi na ya kuku.

Sisi pia tunachoma. Kila siku ya posho, kisha salongo, tunakusanya majani ya kiwanja na kuyawasha nyuma ya vyoo. Nimekwisha kuomba ruhusa kwa mkubwa wa shule, ameitika: kuanzia juma lijalo majani yote yaende katika shimo karibu na shamba. Kalasi ya nne itachimba. Msimu huu tutapanda mistari minne ya mahindi: mmoja bila kitu, mmoja na uoze wa shimo, mmoja na kifuniko cha urea, na mmoja na vyote viwili. Urea ya mwaka jana imebaki kilo mbili hivi, iko kwangu, nitairudisha kwa mwalimu pamoja na maneno ya kweli juu ya wale wadudu. Tutapima mavuno ya kila mstari na kuyaandika hapa. Mwenye mizani nyumbani atuazime siku ile.